Mama Aliyehesabu Vibua

Watu wa Mtaa wa Narung'ombe walimjua Benedikta kwa jina la Mama Tarsis, na walimjua pia kwa kuhesabu. Ukipita pale Jumapili baada ya saa nane mchana ungemkuta kwenye kigoda mbele ya mlango, kroshia mkononi, kitambaa cha kochi mapajani, midomo ikicheza bila sauti. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kisha angeshusha pumzi na kuendelea kufuma. Zikipita dakika kumi hivi, vijana sita wa baiskeli wangetokea tena upande wa Msimbazi, wameinama kama watu waliodondosha kitu barabarani, naye angeanza upya.

Wa nne alikuwa mwanawe.

"Mama Tarsis, ukiwahesabu hivyo utawapunguza," Zamda, mpangaji mwenzake wa chumba cha pili, alikuwa akimtania. "Watoto wa watu hawahesabiwi."

"Nisipowahesabu ndio watapungua," alijibu, bila kuinua macho.

Alizaliwa hivyo, na hofu zake. Aliletwa Dar es Salaam kutoka Kibosho akiwa bibi harusi, na mumewe Marcelino akafariki kwa malaria Tarsis akiwa bado anatambaa. Tangu hapo hofu zikazidi: aliogopa malori, akaogopa mvua, akaogopa mtoto akichelewa kurudi na akaogopa zaidi akirudi mapema. Alilea kwa kufuma vitambaa na kwa kutazama. Hakuwa na shule. Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, akafaulu hatua ya tatu, na toka siku ile kila karatasi iliyoingia chumbani mwake aliisoma mwenyewe na kuijibu mwenyewe. Hakutaka msaada.

Timu ile ilianzishwa na fundi Abbasi, aliyekuwa akiziba mipira na kunyoosha rimu chini ya baraza la duka moja la Msimbazi. Kabla ya ufundi Abbasi alichuuza samaki. Alfajiri anajaza tenga pwani ya Feri, analifunga nyuma ya baiskeli yake ya Foniksi, na kabla jua halijawa kali samaki wawe wamefika Kariakoo, maana samaki hamsubiri mtu. Miaka tisa ya kazi hiyo ilimfunza kukimbia na baiskeli nzito, na alipoacha kuchuuza akawaza kwamba kijana akiweza kukimbia na tenga, siku atakayotolewa tenga ataruka.

Basi ndivyo alivyowafunza. Mwaka wa sabini na tatu alianza na vijana watatu, kila mmoja na tenga lake la samaki kutoka Feri mara tatu kwa wiki. Walipokwenda kwenye mashindano yao ya kwanza walikuwa bado wananuka, na watu wakawapokea kwa kelele, "Vibua hao, vibua! Fungu mnauzaje?" Walishika mkia. Abbasi alirudi nyumbani akacheka, akachukua rangi nyeupe na kuandika VIBUA kwenye fulana zao. Au tuseme aliandikiwa, kwa kuwa yeye alisoma chuo cha Kurani tu, na herufi alizozijua ni zile za humo.

Timu za mashirika zilikuwa na baiskeli nyepesi za kutoka nje. Vibua walikuwa na Foniksi zilizovuliwa madigadi na karia siku ya mashindano. Lakini Abbasi hakutaka timu ya kujaza makombe. Alikuwa anakuza. Alimchukua kijana hajui hata kukata kona, akamnoa miaka miwili mitatu, kisha timu kubwa ikaja ikambeba, naye akatafuta mwingine. Kumi na mmoja waliondoka mikononi mwake hivyo, na kila alipoondoka mmoja alisema, "Haya, tumeoza binti," akafungua kopo la solusheni na kuendelea na kiraka chake.

Tarsis alijiunga akiwa na miaka kumi na saba. Wiki ile mama yake alimfuata Abbasi barazani.

"Fundi, mnawapeleka wapi hawa watoto Jumapili?"

"Kibaha na kurudi, Mama Tarsis."

"Kibaha." Alilitamka kama jina la ugonjwa. "Na mie huku nakaa vipi?"

Abbasi aliinamia rimu yake. Lakini Jumapili iliyofuata vijana hawakwenda Kibaha. Miaka ile mafuta yalikuwa adimu na magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane, mji mzima ukawa mweupe, na vijana wakaanza kuzunguka humo humo: Msimbazi, Uhuru, Lumumba, wanakunja, wanapita mbele ya kigoda, wanakwenda tena. Mizunguko ishirini na tano. Benedikta alidhani ni bahati yake. Akamshukuru Mungu, wala hakumfikiria Abbasi.

Mwaka wa themanini na moja ikaja fomu. Tarsis, sasa wa miaka ishirini, amechaguliwa kwenda Lusaka kwenye mashindano, kwa treni, wiki tatu. Aliiweka mezani akasema, "Mama, fundi anazipeleka fomu kesho," akatoka kwenda kazini. Uso wake ulikuwa unang'aa.

Benedikta alikaa na ile karatasi peke yake. Jina. Umri. Anwani. Chini kabisa palikuwa na swali, "Je, mchezaji huyu ni wa ridhaa?" na mstari wa saini ya mzazi.

Aliijua maana ya ridhaa. Binti haolewi bila ridhaa ya baba. Nyumba haiuzwi bila ridhaa ya ndugu. Kumbe serikali nayo ina adabu, inauliza mzazi karidhia au hakuridhia. Na yeye, kwa kweli ya Mungu, hakuridhia. Asichoweza kumwambia mwanawe machoni aliambiwa aandike. Akaandika kwa herufi kubwa za kisomo: HAPANA. SI WA RIDHAA. MIMI MAMA YAKE. Akaifunga bahasha kwa ugali, akampa Abbasi asubuhi, naye akaipeleka bila kuifungua.

Siku nne Benedikta hakulala vizuri. Tarsis alikuwa anaimba akioga.

Siku ya tano Abbasi alikuja mwenyewe mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Tarsis, tumeitwa ofisi ya michezo. Wanasema Tarsis analipwa. Na kama mmoja analipwa, timu nzima inafutwa. Mie nimlipe kwa nini, kwa viraka? Twende ukanisemee neno, wewe ndiye mama."

Alijifunga kitenge akaenda, akiwaza ni nani huyo mwenye roho mbaya aliyewasingizia.

Ofisini alikuwepo ndugu mmoja mwembamba mwenye suti ya Kaunda. Hakuwa mkali. Aliuliza maswali yake kwa utaratibu.

"Ndugu Abbasi, vijana wako wanalipwa?"

"Hapana, ndugu. Mara mojamoja mchuuzi anawapa kibua."

"Kibua ni malipo."

"Kibua kilicholala ni sadaka, ndugu."

Yule bwana alijizuia kucheka. "Sawa. Wenzako wote wanafanya mazoezi barabara ya Morogoro. Wewe unawazungusha mbele ya maduka ya Kariakoo. Watu wanasema unawatangazia wenye maduka, na wenye maduka wanakupa."

Abbasi aliitazama kofia yake. Kwa mara ya kwanza alionekana mtu anayeona haya.

"Kuna mama mmoja kwetu pale," alisema. "Asipowaona, anaumwa. Nikasema, barabara ni barabara. Wazunguke anapowaona. Na kona zimewasaidia, hakuna anayekata kona kama wao. Lakini sikuanza kwa ajili ya kona."

Benedikta aliinua kichwa. Miaka mitatu, mizunguko ishirini na tano kila Jumapili, na yule mtu hakuwahi kusema.

"Mbona basi," alisema yule bwana, akifungua jalada, "mzazi mwenyewe kaandika hivi?"

Akaigeuza karatasi. Herufi kubwa, za mkono wake, zilimtazama.

"Nimeandika kweli," alisema polepole. "Sijaridhia."

Karatasi ikasomwa tena. Kisha yule bwana akavua miwani.

"Mama, hapa ridhaa maana yake ni mchezaji asiyelipwa. Anacheza kwa kupenda mwenyewe, si kwa mshahara. Wewe umeandika kwamba mwanao anacheza kwa pesa."

Abbasi alijifunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika, na haikujulikana kama anacheka au analia. Benedikta aliona aibu mpaka vidoleni. Timu nzima, miaka minane ya matenga, aliizamisha kwa maneno matatu ya kisomo.

"Basi hili ni kosa la lugha, timu haina tatizo," yule bwana alisema kwa upole. "Lakini, mama, ruhusa ya mzazi nayo tunaiheshimu. Kama hutaki aende, sema. Tutamweka mwingine, na hapa hapatoki neno."

Alikuwa amepewa mlango. Angeweza kutoka na mwanawe, na Tarsis asijue kamwe. Aliwaza treni ile, usiku mmoja, wa pili, hakuna kigoda, hakuna kona ya Msimbazi. Kisha akamtazama Abbasi, mtu mwenye watoto wake sita, aliyempa Tarsis miaka mitatu, na mama yake akampa Jumapili zake zote, wala hakuomba ahsante.

"Naomba kalamu," alisema.

Alikata maneno ya kwanza kwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake akaandika, taratibu: NI WA RIDHAA.

"Ipi, mama?" yule bwana aliuliza. "Yetu au yako?"

"Zote mbili."

Njiani kurudi walitembea mpaka Mnazi Mmoja. Pale Benedikta alisema, "Baba Sitara, ahsante." Hakuwahi kumwita fundi kwa jina la mtoto wake kabla ya siku hiyo.

"Kwa lipi tena?"

"Kwa zile kona."

Tarsis alikwenda Lusaka akashika nafasi ya tisa, na mwaka uliofuata timu kubwa ikamchukua. Wa kumi na mbili. Tangu hapo fomu za Vibua wote zilijazwa na Mama Tarsis, barazani pa fundi, na kila mzazi alielezwa lile neno mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Na zile Jumapili tatu za Lusaka alikaa kwenye kigoda chake kama kawaida. Walipita watano. Alihesabu moja, mbili, tatu, akatua kidogo, akasema nne kwa sauti, mbele ya barabara tupu, kisha akamalizia tano na sita, na sindano ikaendelea.