Kimya cha Baada ya Alfajiri

Twahiru alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Nyamirambo, mtu wa maneno mengi na mzaha mwingi. Wateja walimfuata kwa ajili ya suti zake, wakachelewa kuondoka kwa ajili ya hadithi zake. Oktoba ya mwaka 1990, vita vilipoanza kule kaskazini, alikamatwa pamoja na watu wengi wa mji, bila kuambiwa kosa lake. Alifungwa miezi sita. Aprili akaachiwa, na sababu hakuambiwa pia.

Majirani walijaa nyumbani kumpa pole. Mkewe, Swafiya, alipika pilau. Lakini aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Alishona kutwa bila kuinua kichwa. Swafiya akimsemesha, anajibu neno moja; akimwekea chakula, anakula akitazama ukuta. Naye Swafiya, ambaye zamani hakujua kunyamaza, akaanza kupita pembeni yake kama mpangaji.

Alasiri moja ya mwezi wa saba, binti yao Aidah, mwenye miaka tisa, alimwaga chai juu ya kitambaa cha suti ya harusi. Twahiru akanyanyua rula yake ya mbao. Hakumpiga. Ila mtoto alikuwa amekwisha kujikunja, mikono juu ya kichwa, viwiko vimeziba uso. Twahiru aliujua mkao ule. Kule ndani alijikunja hivyo mara nyingi.

Rula ikamtoka mkononi.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Si wewe."

Akaingia chumbani, akaketi sakafuni. Hapo ndipo alipomkumbuka Gratien.

Gratien alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mkatoliki, waliyefungwa naye chumba kimoja ambamo watu walilala kwa zamu. Wengine wakigombea nafasi, yeye aliketi amefumba macho, akiifuata pumzi yake ikiingia, ikitoka. Akamfundisha Twahiru. "Wazo likija usilifukuze, wala usilikimbilie," alimwambia. "Litazame tu, mpaka ulijue ni nini." Jambo hilo lilimsaidia asirukwe na akili. Alipoachiwa, aliliacha hukohuko pamoja na mengine yote ambayo hakutaka kuyakumbuka.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, hakuinuka kwenye msala. Alitulia, akaifuata pumzi. Siku za kwanza zilimtesa: alisikia funguo, alisikia majina yakiitwa, akatamani kukimbia. Hakuinuka. Siku ya tisa au ya kumi, yale majina yalikataa kuondoka. Yalikuwa ya watu walioletewa chakula na wake zao kila Ijumaa. Lake halikuitwa hata mara moja. Na chini ya kelele zote hizo akalikuta neno lililomkaa kifuani muda wote: hakuja.

Alishangaa. Alidhani hasira yake ni juu ya askari. Kumbe alikuwa akimlaumu Swafiya, na hakuthubutu kumuuliza kwa kuogopa jibu.

Alimkuta uani akiwasha mkaa.

"Mama Aidah, kule nilikokuwa, kwa nini hukuja?"

Swafiya aliacha kupepea.

"Nilikuja kila Ijumaa, Baba Aidah. Toka wiki ya kwanza mpaka Februari. Kila mara askari anaangalia karatasi yake, ananiambia huyo mtu hapa hayuko. Mara ya mwisho akasema nisirudi tena, niende nikakae matanga. Ndiyo nikaacha. Nilikuzika moyoni na wewe uko hai. Ulivyorudi ukakataa kuongea na mimi, nikajua umeshajua. Nikaona ni haki yako kunichukia."

"Kila Ijumaa?"

"Na chapati. Nilikuwa nawagawia wenye watu wao ndani, nisirudi nazo nyumbani."

Twahiru akakaa chini palepale. Alilia kwanza, bila kujificha. Halafu kicheko kikampanda.

"Sasa unacheka nini?"

"Miezi yote nakunywa uji wa mawe, na chapati zangu ziko nje ya geti!"

Swafiya naye akashindwa kujizuia. Walicheka mpaka Aidah akatoka kuangalia kumetokea nini, akawakuta wazazi wake wamekaa kwenye vumbi, wameshikana mikono, macho yamewavimba.

Tangu siku hiyo Swafiya akawa anaketi naye baada ya alfajiri. Hasira haikuisha, ila Twahiru alijifunza kuiona ikija. "Nipeni nafasi kidogo, leo nimechafuka," aliwaambia, nao wakamwacha akatembee. Aidah alichukua muda zaidi. Ilipita karibu miezi mitatu kabla hajaacha kushtuka baba yake akinyoosha mkono kuchukua mkasi.

Kisha asubuhi moja akaja mwenyewe, akajipenyeza katikati yao. Alijaribu kutulia, akajikuna, akapiga miayo, mwisho akasinzia ameegemea mkono wa baba yake. Mkono ulikufa ganzi. Jua lilichomoza, na wateja wa kwanza wakaanza kubisha hodi dukani. Twahiru hakuusogeza.