Nta Kwenye Breki

Breki zilizonipa cheo zilikuwa za lori la karanga, na aliyezitengeneza kabla yangu ni baba mkwe wangu.

Tulikuwa mafundi wa gereji moja pale Tabora, enzi za Mwingereza, miaka ile baada ya vita. Yeye alikuwa fundi mkuu, mimi nikimfuata. Alijifunza ufundi kwenye magari ya zamani, yale ambayo breki zake zilivutwa kwa vyuma na kamba za waya. Mimi nilijifunza jeshini, kwenye karakana ya magari, nikarudi na suruali mbili za kaki na hasira za karibu. Nilikuwa nimeanza kazi pale kabla sijamwoa binti yake. Baada ya harusi kila kitu kikawa kigumu.

Kwa Wanyamwezi wa rika lake, mtu na mkwewe hawatazamani usoni, hawali sahani moja, na kijana hamsahihishi mkubwa. Sasa jaribu kuishi hivyo chini ya lori moja. Yeye akiingia chini kwa upande wa kushoto, mimi natokea kulia. Akitaka spana, hakupokea mkononi mwangu. Niliiweka juu ya meza, nikasogea, naye akaja kuichukua. Asubuhi nilisema, “Shikamoo baba,” nikitazama viatu vyangu, naye akaitikia, “Marahaba,” akitazama mlango. Wenzetu walicheka mpaka wakachoka. Mimi sikuona cha kuchekesha, maana kazi ya dakika chache ilikula asubuhi nzima.

Lori lile lililetwa breki zikiwa zimekwisha. Mzee akaweka viatu vipya vya breki, vile vyuma vinavyobana gurudumu kwa ndani, akaifungua pampu kubwa ya breki, ile inayosukumwa na pedeli, akatia raba mpya, akafunga, akatoa hewa. Likaondoka vizuri. Lilipofika katikati ya njia ya Nzega likaanza kunuka kama pembe ya ng'ombe iliyounguzwa, na mwisho likagoma kwenda. Dereva akakaa kando ya barabara hadi breki zikapoa, zikaachia, akageuza. Mzee akafungua magurudumu, akavisugua viatu vya breki kwa msasa, akasema vile vipya ni vinene mno. Likaenda tena, likaungua tena.

Tajiri wetu alikuwa mtu wa ng'ambo, mwenye malori kadhaa na subira kidogo. Alisimama mlangoni mwa ofisi yake akasema mbele ya watu wote, “Lori hili likirudi na moshi mara nyingine, mzee, wewe kwenda nyumbani.” Mzee akarudi chini ya lori. Alikuwa hana shamba la maana, wala mtoto wa kiume, na umri wake haukuwa tena wa kutafuta kazi kwingine. Unga ukimwagika, ndiyo basi.

Jumapili mzee akiwa kanisani kwao, kwa Wamoraviani, nilikwenda gerejini peke yangu. Nililipandisha lori kwa jeki, nikakanyaga pedeli mara kadhaa, kisha nikajaribu kuzungusha magurudumu. Yote manne yalikuwa yamekaza. Hilo peke yake lilitosha kuviondolea lawama viatu vya breki, maana kiatu kinene hubana gurudumu lake, hakiyabani na ya wenzake. Nikafungua nipeli ya kutolea hewa kwenye gurudumu la mbele. Mafuta yakaruka kwa nguvu, na magurudumu yakawa yanazunguka kwa kidole. Kwa hiyo mafuta yalikuwa yamefungiwa ndani ya mabomba, hayana njia ya kurudi. Pedeli nayo ilikuwa inarudi hadi juu, na ilikuwa na ule ulegevu wake kidogo kabla ya kuanza kusukuma, kwa hiyo si yenyewe iliyobana. Ilibaki pampu kubwa.

Ndani ya pampu ile mna kitundu cha kuingia sindano tu. Mguu ukiachia pedeli, mafuta hupita pale kurudi kwenye kikopo chake. Kitundu kikiziba, mafuta huenda na hayarudi. Kila ukikanyaga, breki zinazidi kubana, na zikipata moto ndiyo zinabana kabisa. Nikachomoa unywele mmoja wa brashi ya chuma, nikachokoa nao mle. Ukatoka na kitu cha manjano. Nilikinusa, na sikuhitaji kukinusa mara mbili. Ilikuwa nta ya nyuki.

Nilielewa papo hapo, na nilikasirika hata nikalipiga teke kopo tupu lililokuwa sakafuni. Pale kwetu nta iko kila mahali, inapakiwa kwenye treni kwa magunia. Washona viatu wanapitishia nyuzi, wapiga ngoma wanabandika katikati ya ngozi, na pampu za maji za zamani, zenye vikombe vya ngozi ndani, zilikuwa hazivuti bila nta. Mzee alikuwa na donge lake kwenye mkebe wa tumbaku. Raba zilikuja kavu, pistoni ikawa nzito, naye akafanya alichokuwa akizifanyia ngozi maisha yake yote: akaiyeyusha nta kidogo jikoni, akapaka ili iteleze. Ikateleza kweli, hadi kitunduni.

Ningeweza kusafisha, nikafunga na kunyamaza. Lakini kulikuwa na lori la pili likingoja raba kama zile, na mkebe wa tumbaku ulikuwa palepale kwenye rafu. Lazima aambiwe. Mimi siwezi kumwambia, na mke wangu alisema hampelekei baba yake maneno ya namna hiyo. Akabaki mtunza stoo wetu, Mzaramo aliyekuja na reli akaoa hukohuko. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Mtani anaweza kukwambia lolote, ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Nikampa ile nta kwenye kipande cha gazeti, nikamweleza kisa chote. Hata leo ningefanya vilevile.

Jumatatu asubuhi, watu wote wakiwa uwanjani, Mzaramo akajitokeza na kile kipande cha gazeti.

“Enyi Wanyamwezi! Asali mmelamba wenyewe mpaka meno yameoza, sasa mnailambisha na breki! Tazameni, nta! Mmeziba kile kitundu cha kurudishia mafuta, lori limeshikwa na haja halina pa kutokea!”

Gereji nzima ikaangua kicheko. Mzee aliitazama ile nta, kisha akacheka na yeye.

“Mzaramo wewe,” akasema, “breki utazijulia wapi, nyie mnaopanda punda?”

Mambo yalikuwa yamekwisha. Ameambiwa, ameelewa, na heshima yake haijaguswa hata kidogo. Moyo wangu ulitulia, na tayari nilikuwa nimeinama kuokota spana.

Tajiri alikuwa mlangoni kwake, hacheki.

“Nani ametia nta?”

“Ni utani tu, tajiri,” Mzaramo akasema upesi. “Huyu ni mtani wangu.”

“Mimi hapana uliza utani. Nani?”

Nilikuwa natafuta neno la kusema, lolote lile, lakini mzee akaifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

“Mimi,” akasema.

Kabla ya adhuhuri alikuwa hana kazi, na mimi nikawa fundi mkuu. Nilipomweleza mke wangu alilia, kisha akauliza kama naweza kukikataa cheo hicho. Nilimwambia siwezi, tutakula nini? Hakuuliza tena. Chakula cha jioni aliniandalia kama kawaida, ila hakukaa nami.

Wiki hiyohiyo lori lilikuwa liende Tura kuchukua karanga, na ilikuwa juu yangu kuliendesha ili kuzijaribu breki. Kwao mzee ni karibu na Tura, kwa hiyo alipakia vitu vyake: kitanda, sanduku la spana, kuku wawili kwenye tenga. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu. Akapanda nyuma, akakaa juu ya kitanda chake, tukaenda hivyo katika vumbi mpaka mlangoni kwake. Njiani kote breki zilishika na kuachia bila kosa, na sikufurahi hata kidogo.

Nilishusha vitu nikiviweka chini mbali kidogo na yeye, kama ilivyo desturi. Nilipokuwa naondoka, akasema huku akilitazama tenga la kuku,

“Hicho kitundu. Kiko wapi hasa?”

Alikuwa hajawahi kuniuliza kitu. Nilichuchumaa nikaichora pampu mchangani kwa kijiti: pistoni, raba, kikopo cha mafuta juu yake, na kitundu katikati. Akasogea. Wote wawili tulitazama chini, kwa hiyo haikuwa vibaya.

“Mafuta yanarudia hapo?”

“Ndiyo, baba.”

“Kila ukiachia mguu?”

“Kila ukiachia.”

Aliitazama michoro ile kwa muda mrefu, akaufuata mstari wa mafuta kwa kidole bila kuugusa.

“Miaka yote hii,” akasema, “hakuna aliyenionyesha.”

Kisha akabeba sanduku lake la spana, akaingia ndani. Mimi nilikuwa nimefanya kazi pembeni yake tangu nitoke jeshini.