Ugali wa Watu Wawili

Mwenye mashine ya kusaga hahitaji kuambiwa habari za watu. Miaka ishirini na saba nimesaga mahindi hapa Kimulot, na mtu akiweka gunia lake kwenye mizani yangu najua nyumbani kwake kuna midomo mingapi. Najua ni nani amerudi kutoka mjini bila kazi. Najua ni nani amekosana na mumewe akaenda kwao. Mahindi yakipanda au yakishuka, mimi ndiye wa kwanza kuona, hata kabla ya pasta.

Ndiyo maana mzee Kipkosgei alinishinda. Mkewe Rebeccah alifariki mwezi wa pili, mwaka jana, baada ya kuugua miaka mitatu. Watoto wao walikuja kutoka Nakuru na Ruiru, wakazika, wakalala siku nne, wakarudi kazini. Nyumba ikifiwa mahindi hupungua, na sijaona nyumba iliyokataa. Lakini Kipkosgei aliendelea kuleta gorogoro mbili, mikebe miwili iliyojaa, kila Jumamosi, kipimo kile kile alichokuwa akileta Rebeccah akiwa hai. Mwaka ukapita, na bado ni gorogoro mbili.

Nikajiambia, huyu amepata mwenzake. Na kweli ulimi hauna mfupa, hasa huu wangu. Jumamosi moja nikamwambia mbele ya akina mama wote waliokuwa kwenye foleni, "Mzee, hii unga ni mingi. Huyo mgeni unaficha kwa nyumba anaitwa nani?"

Akina mama wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Yeye alifunga gunia lake kwa kamba polepole.

"Mgeni hakuna, Mama Eugene," akasema, akaenda zake.

Afadhali angenitukana. Nilimtazama akipanda kile kilima cha majani chai peke yake, na hapo ndipo nikagundua kwamba Meja hayupo. Meja ni mbwa wake, jitu la mbwa, kahawia, mwenye miaka kumi au zaidi. Walikuwa hawaachani. Mzee akipeleka majani chai kituoni kupimwa, Meja yuko nyuma ya kikapu. Mzee akija kusaga, Meja analala nje ya mlango wangu, masikio chini kwa sababu ya kelele ya mashine. Nilihesabu nikaona sijamwona karibu mwezi mzima.

Juma lililofuata nikamuuliza.

"Amelala tu," akasema. "Anaomboleza mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya Aprili. Asubuhi nikimwita ananiangalia, hataki kuamka. Hata kwa kituo ya majani hafiki siku hizi, anarudia njiani." Akainua gunia begani. "Watu wamesahau, Mama Eugene. Hiyo mbwa haijasahau."

Alisema hayo kwa fahari, kama mtu anayetaja mwanawe aliyefaulu mtihani.

Jumanne stima zikapotea asubuhi, na mashine bila stima ni chuma tu. Nikabeba pumba ambazo mzee alikuwa ameniagiza za ng'ombe wake, nikapanda hadi kwake. Kule juu, karibu na msitu wa Mau, baridi haina adabu. Ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya chai na ilikuwa saa sita mchana. Nilimkuta Kipkemboi, yule daktari wa mifugo anayezunguka na pikipiki akipandisha ng'ombe kwa mrija, bila dume. Alikuwa amemaliza kazi yake na ananawa mikono kwenye karai. Mzee alikuwa ndani akipakua chakula.

Mlango ulikuwa wazi, nami nikaona. Mezani palikuwa na sahani mbili. Moja ya plastiki, nyingine ya bati yenye maua mekundu. Katika kila moja palikuwa na kipande cha ugali cha haki, na mboga pembeni. Mzee aliketi mbele ya ile ya plastiki, akaomba, akaitazama kidogo ile ya maua. Kisha akaichukua akatoka nayo nje.

"Hiyo ni ya nani?" nikauliza, mjinga mimi.

"Ya Rebeccah. Mimi ugali ndogo sijui kupika. Alinifundisha akiwa kitandani. Maji ya ile sufuria ya mkono mmoja, unga vikombe tatu. Napika hivyo. Naweka yake, nangoja kidogo, halafu napea Meja. Hata yeye mwenyewe akishindwa kumaliza alikuwa anapea Meja."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mgeni niliyemcheka mbele ya foleni nzima ndiye huyo, sahani ya maua.

Mzee alikuwa anaelekea pembeni mwa ghala, Meja alipokuwa amelala juu ya udongo mtupu, lakini Kipkemboi akamwita.

"Mzee, usimpelekee. Simama hapo, mwache akuje mwenyewe."

Tukangoja. Meja aliinua kifua kwanza, miguu ya mbele ikasimama imara kama ya mbwa kijana. Ya nyuma ikabaki chini. Akajaribu mara ya pili, akaketi. Mara ya tatu akainuka, kiuno kikayumba huku na huku, kisha akaja kwa kurukaruka, miguu miwili ya nyuma ikienda pamoja kama ya sungura. Kuja hatua kumi tu kulimfanya aheme, ulimi nje.

Kipkemboi alichuchumaa. Alipapasa mabega yaliyojaa nyama, akapapasa mapaja ya nyuma yaliyokauka, akatafuta mbavu na hakuzipata kwa mafuta. Akavuta mguu mmoja nyuma taratibu. Meja akageuka akamshika mkono kwa meno bila kumuuma, akamwomba tu aache.

"Mzee, hii si kuomboleza. Hii ni hip, ni nyonga," akasema. "Fupa la paja linakaa kwa kikombe yake. Sasa kikombe imelika, wanasuguana. Asubuhi na baridi ndiyo mbaya zaidi. Na vile umemnenepesha, huo uzito wote unakalia hapo hapo penye inauma."

"Nilimpatia nusu ya tembe yangu ya mgongo," mzee akasema. "Akatapika."

"Usirudie kabisa! Dawa ya watu inaweza kuua mbwa. Nitapima kilo zake nimletee yake." Kisha akaeleza mengine. Alale ndani ya ghala, juu ya magunia na nyasi kavu, wala si kwenye udongo wenye unyevu. Atembezwe kidogo mara mbili kwa siku mahali tambarare, asilazwe siku nzima maana mapaja yatazidi kukauka. Kilima cha kituoni asipande tena. "Nyonga haiwezi kurudi vile ilikuwa. Lakini akipungua ataamka bila kulia. Na hii ugali," akaitazama sahani ya maua, "hii ndiyo inammaliza."

Mzee alikuwa bado ameshika sahani. Ugali ulikuwa umeacha kutoa mvuke.

"Kwa hivyo hakuwa analilia mama?"

Kipkemboi ni kijana mzuri, ila hajafiwa. "Mbwa anaumwa, mzee. Anaumwa tu," akajibu.

"Basi nimekuwa nikilia peke yangu," Kipkosgei akasema.

Hakulisema kwa sauti kubwa, lakini lilinichoma. Nikaanza kusema kitu, sijui hata nilitaka kusema nini, naye akanigeukia akiwa na macho mekundu. "Nyinyi mnataka ninyime yeye chakula ya mama. Asanteni kwa pumba. Endeni." Kipkemboi akawasha pikipiki. Mimi nikashuka kwa miguu nikijilaumu njia nzima.

Jumamosi mbili hakuja. Nilimwona Kipkemboi akipita na mizani yake na dawa zake, lakini mzee mwenyewe hakuja, nami nilikuwa nikitazama mlangoni kila gunia lilipodondoka. Ya tatu akatokea. Alikaa mwisho wa foleni, akaweka mahindi yake kwenye mizani. Gorogoro moja. Hakuna mama aliyecheka, na mimi nilisaga bila kusema neno, jambo ambalo walilizungumzia kuliko mahindi yenyewe. Mashine ilimaliza kabla sijakaza mfuko vizuri.

Alingoja wote waondoke. "Mama Eugene," akasema akiangalia chini, "ugali ya mtu mmoja inapikwa aje? Nimejaribu. Inaungua, ama inabaki uji."

"Unga kikombe na nusu," nikamwambia. "Maji vikombe viwili, sufuria ndogo, moto kidogo, na usiache kusonga."

"Kikombe na nusu," akarudia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa njia ya kwenda mbali, akanishukuru.

Hiyo ilikuwa mwezi wa saba. Sasa ni wa kumi na moja, na Meja amepungua mpaka mbavu zinapapasika. Anaamka kwa jaribio la kwanza, mara chache kwa la pili siku za ukungu mwingi. Anamsindikiza mzee hadi getini, anaketi hapo juu ya gunia mpaka arudi kutoka kituoni. Hatafika kituoni tena, na mzee amekubali. Sahani ya maua ameiosha akaitundika ukutani. Gorogoro moja kila Jumamosi, na siku hizi namtania tena, lakini si kuhusu wageni.

Ila kuna jambo sijamwambia. Kile kipimo nilikitunga papo hapo. Baba Eugene alifariki miaka tisa iliyopita, Eugene yuko Dubai, na tangu hapo mimi ninayesagia Kimulot nzima sijawahi kupika ugali. Chai na mkate, nimesimama, basi. Jioni ile ile ya gorogoro moja nilifunga mapema nikaenda nyumbani nikatafuta sufuria ndogo, nione kama nimemdanganya mzee wa watu. Nikapima kikombe na nusu, nikasonga, nikapakua, nikaketi kwenye kiti. Uliiva vizuri. Ulibaki kidogo, na mimi sina mbwa.