Uzi Wenye Mafundo

Wasee, leo mnitusi tu. Sitajibu.

Mnajua hapa Kitui hakuna fundi wa msasa kunishinda. Kinyago nikimaliza nacho, unajiona uso.

Sasa jirani yangu Bi Zuhura alikuwa na kibao cha mbao cha babu yake, baharia wa zamani kule pwani. Kilikuwa na uzi mchafu umejaa mafundo. Akaniambia nikipanguse vumbi, watu wa makumbusho wanakuja kukichukua.

Kupangusa tu? Mimi?

Nikapiga msasa, nikapaka rangi ya viatu, nikafunga uzi mpya mweupe.

Leo dada wa makumbusho akakigeuza mara mbili.

"Uzi wake uko wapi?"

"Madam, ule niliwashia jiko," nikasema, nikicheka.

Akanieleza polepole. Baharia alishika fundo kwa meno, akanyoosha uzi, akapima kwa kibao nyota iko juu kiasi gani. Kila fundo lilikuwa kipimo cha bandari moja.

Safari zote za mzee, nimezichoma.

Dada akaondoka mikono mitupu.

Bi Zuhura akakipapasa kibao. "Lakini umeking'arisha vizuri, mwanangu."

Afadhali angenichapa.

Nyinyi mngemwambia nini? Bado nimesimama hapa mlangoni kwake.