Maneno Niliyomwandikia Ayaseme

Mtu aliyeniibia skripti yangu ya kwanza alikuwa na tabia moja iliyojulikana na kila mwigizaji wa kikundi chetu: hakuwa anasoma mistari ya wenzake. Ukimpa skripti, anachukua kalamu ya njano, anapaka rangi maneno yake, ya wengine anayaruka. Alikuwa mwongozaji wetu, na mara nyingi alijipa mwenyewe nafasi kubwa ya kuigiza. Tulimcheka kwa hilo, kwa upendo kabisa, kabla sijapata sababu ya kumchukia.

Mimi nilizaliwa Mlali, Kongwa, kwa wakulima wa mahindi na alizeti. Nilianza kuandika michezo ya Krismasi kanisani nikiwa darasa la sita, kwa sababu mwalimu wa kwaya alichoka kuandika mwenyewe. Nilipohamia Dodoma nilipanga chumba Msalato, mchana nikachapa barua za watu kwenye duka la vifaa vya ofisi, jioni nikaenda mazoezi ya kikundi, palepale Msalato. Tulikuwa kumi na mmoja. Michezo yote ya jukwaani tuliyocheza miaka ile niliiandika mimi, na sikuwahi kudai chochote zaidi ya kutajwa mwishoni.

Kisha nikaandika filamu. Ilijaza madaftari matatu. Ilikuwa habari ya mama yangu.

Baba alifariki nikiwa na miaka tisa. Kabla arobaini haijaisha, ndugu zake walikaa uani kwetu wakamwambia mama achague: arithiwe na mdogo wa marehemu, au aache shamba arudi kwao. Mama hakuchagua lolote. Aliamka kesho yake akaenda kupalilia. Aliendelea kupalilia shamba lile miaka yote, wakimtukana, wakiachia ng'ombe waingie kwenye mahindi yake, na usiku alilala na mwiko wa kusongea ugali chini ya mto. Hayo yote niliyaandika, na mwiko nikauweka.

Safari hiyo mwongozaji aliisoma yote, akaniambia, "Mdogo wangu, hii itatutoa." Akapata watu wa kamera. Mimi sikwenda kwenye kupiga picha kwa sababu dukani walininyima ruhusa.

Siku ya kuonyeshwa ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mjini. Nilimleta mama kutoka Mlali, nikamshonea kitenge kipya, nikamkalisha mstari wa tatu. Taa zikazimwa. Yakatokea maandishi: hadithi na skripti, halafu jina la mwongozaji. Nilisubiri langu lifuate. Halikufuata. Nikajiambia litakuja mwishoni.

Mwishoni kilikuja kingine. Mjane kwenye filamu alipiga magoti, akakubali kurithiwa na shemeji yake, watu wakapiga makofi. Mimi sikuandika hivyo.

Tulitembea hadi stendi. Mama alikaa kwenye benchi, akakunja mikono juu ya kitenge kile.

"Mwanangu, umenivua nguo mbele za watu," alisema. "Halafu umemwacha mwanaume asiyenijua aseme nilikubali. Sikukubali. Wewe unajua sikukubali."

Nilianza kumweleza. Basi likaja, akapanda. Kwa miezi saba hakupokea simu yangu. Nikipiga, anapokea jirani, ananiambia mama yuko shambani.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda mazoezini na kumuuliza mwongozaji mbele ya wote. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliniwekea mkono begani.

"Usikuze mambo, mdogo wangu. Jina lako nani analijua? Mimi nimekibeba kitu chako kikafika. Kingebaki kwako kingeozea ndani."

Niliwatazama wenzangu mmoja mmoja. Dada aliyeigiza mjane, ambaye tulikula naye sahani moja, aliinama akafunga kamba za kiatu. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka, na maneno yale nikayaandika usiku uleule, neno kwa neno, nisije nikayasahau. Kumbe hata nisingeyaandika nisingeyasahau.

Miaka miwili ilipita. Yeye aliitwa redioni kueleza jinsi anavyopata mawazo yake. Nilisikiliza vipindi vyote. Watu huniuliza kwa nini nilijitesa hivyo. Sikuwa najitesa, nilikuwa najifunza jinsi anavyozungumza.

Siku moja akaja dukani. Kulikuwa na shirika lililotaka mchezo wa jukwaani kuhusu haki za wajane kwenye ardhi, uchezwe Chamwino mbele ya wakulima na watumishi. Walimtaka yeye, mwandishi wa ile filamu. Alijaribu kuandika akashindwa. Hilo hakulisema, lakini alikuwa amebakiza wiki tano na hakuwa na ukurasa hata mmoja.

"Yale yalishapita," alisema.

"Yamepita, kaka."

"Safari hii jina lako tunaliweka juu kabisa."

"Weka lako," nikamwambia. "Mimi sihitaji."

Alifurahi mno hata akanunua soda mbili.

Niliandika mchezo wa shemeji anayempora mjane shamba la zabibu. Shemeji nilimwandikia yeye. Katika onyesho la mwisho mjane anadai shamba lake, na shemeji anamwekea mkono begani na kusema: "Usikuze mambo, shemeji. Jina lako nani analijua? Mimi nimezibeba zabibu zako zikafika. Zingebaki kwako zingeozea ndani."

Siku ya kwanza ya mazoezi nilikaa kwenye kona nikimtazama usoni. Alipaka maneno yale rangi ya njano. Akayasoma kwa sauti mara mbili.

"Haya yana uzito," akasema.

Hakukumbuka. Mimi nilibeba maneno yale miaka miwili kama jiwe kwenye kiatu, na yeye aliyeyasema hakuyatambua. Wenzake waliyatambua palepale. Yule dada wa kamba za kiatu aliinua macho kutoka kwenye karatasi akanitazama kwa muda mrefu. Kwa wiki tano zote, hakuna aliyemwambia.

Mchezo ulichezwa saa nane mchana, bati la ukumbi likilia kwa jua, mabenchi yamejaa. Wakati huo mama alikuwa ameanza kupokea simu zangu, lakini kwa majibu mafupi. Nilimwomba aje. Akaja, akakaa karibu na mlango.

Mwongozaji aliigiza vizuri, sitamnyima hilo. Alipofika kwenye maneno yake, aliweka mkono begani mwa mjane, akayasema taratibu, kwa ile sauti yake. Nilikuwa nimemwandikia mjane jibu la mistari mitatu. Yule dada hakulisema. Alisema jambo ambalo mimi sikuliandika.

"Ulisema hivyohivyo Msalato, kwa binti aliyekuandikia sinema. Nilikuwepo. Niliinama nikafunga kiatu."

Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Yeye alijua. Nilimwona akiuondoa mkono ule begani polepole, akiwa anatafuta mstari unaofuata ambao haukuwepo.

Baada ya mchezo kulikuwa na maswali, kama kawaida ya michezo ya namna ile. Mwongozaji alisimama mbele akijifuta jasho. Angeweza kukataa. Nadhani aliona akikataa atakuwa amekiri. Mama akanyoosha mkono. Alisalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, ukumbi ukaitikia, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake cha pole.

"Ni wewe uliyeandika sinema ya mjane?"

"Ni mimi, mama."

"Yule mjane analala na mwiko chini ya mto. Kwa nini?"

Alikohoa. "Ni mila, mama. Mila za huku Ugogoni. Kufukuza mizimu ya marehemu."

Ukumbi ukaguna. Mzee mmoja wa mbele akasema, bila hata kusimama, "Mimi Mgogo na baba yangu Mgogo. Mila hiyo siijui." Watu wakacheka, na kile kicheko kilikuwa kirefu.

Mama alisubiri kiishe.

"Mume wangu aliuchonga mwenyewe, wiki aliyoanza kuumwa," alisema. "Hakuumaliza. Shemeji zangu walichukua vitu vyake vyote, huo wakauona kuni. Kwa hiyo niliuficha. Na sikumkubali mtu yeyote. Nyumba ile nilikaa peke yangu na wanangu."

Akaketi. Mwongozaji aliomba maji, akatoka kwa mlango wa nyuma, hakurudi. Nilifurahi. Sitasema nilisikia huzuni au huruma, sikusikia. Nilifurahi tu, na nilikaa na ile furaha wiki kadhaa, nikiirudia jikoni, njiani, kitandani.

Kilichonichoma kidogo alikisema mama tulipokuwa tukitoka ukumbini.

"Sasa wamejua," alisema. "Lakini siku nyingine, kabla hujaniandika, niulize."

Nilitaka kumjibu kwamba mwizi ni yule. Nikanyamaza, kwa sababu ni kweli sikuwa nimemuuliza, si safari ya kwanza wala ya pili.

Kikundi kilivunjika mwaka uleule. Filamu ile bado inaonyeshwa na bado ina jina lake. Mimi nimeandika nyingine mbili, na tamthilia ya redio, na mama huwa namsomea kwanza kurasa zinazomhusu. Nyingine amezikataa, nikazichana.

Mwaka jana mwongozaji alikuja kwangu asubuhi, kwa bodaboda, amekonda. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilitaka kumpa kazi, lakini walikuwa wamesikia uvumi wa wizi. Aliomba niwaandikie barua tu, fupi, kwamba ile filamu tuliandika pamoja.

Nilimpa kiti. Nikamletea maji.

"Andika mwenyewe, kaka," nikamwambia.

Aliyanywa maji yote, akashukuru, akaaga. Sikumsindikiza.