Maestro Gawlas aanza upya kwa mkono wa kushoto

Saa tatu na nusu asubuhi, Ludomir Gawlas anaweka koti lake juu ya meza ya mapokezi ya ukumbi wa muziki na kunyoosha mkono kuchukua kibati chake cha koti, namba kumi na saba. Ananyoosha mkono wa kushoto.

Ni jambo dogo. Kwa miaka sita ambayo mwandishi wa habari hii amepokea makoti mlangoni hapo, kibati hicho kilichukuliwa kwa mkono wa kulia. Tangu Aprili kinachukuliwa kwa wa kushoto. Wanamuziki hawakuona, maana wao hupitia mlango wa nyuma.

"Baridi imeingia, binti," anasema Maestro, kama anavyoitwa na mji mzima. "Umekunywa chai?"

Gawlas ana miaka 66. Kwa miaka 34 ameongoza okestra ya mji wetu huu wa kando ya mto Wisłoka, yenye wapiga ala 41. Baba yake alikuwa fundi wa reli, na yeye mwenyewe alianza na tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, katika bendi ya reli akiwa na miaka kumi na miwili.

"Lile tuba lilinizidi uzito," anasema huku akicheka. "Nilikaa nyuma kabisa. Unapuliza mara moja, kisha unasubiri weee. Huko ndiko nilikojifunza kuwasikiliza wengine."

Bega la kulia lilipoanza kumuuma Aprili, alificha. Julai, okestra ikiwa likizoni, akafanyiwa upasuaji. Daktari akamwambia mkono huo hautapanda tena juu ya kifua.

Akajifunza upya jikoni kwake, mbele ya kioo, ameshika mwiko.

"Mke wangu Danuta alinisema sana. 'Ludek, supu haitaki kuongozwa, inataka chumvi!'"

Septemba aliwaeleza wanamuziki ukweli, na wakakubaliana kumpa muda hadi mazoezi ya mwisho. Mazoezi ya leo ndiyo hayo, ya mwisho kabla ya tamasha la Sikukuu ya Uhuru. Wakishindwa kumfuata, tamasha litaongozwa na mgeni kutoka Kraków, naye Maestro atarudisha funguo za ofisi.

"Bahati njema, Maestro," anamwambia Bi Halszka Trepka, mpiga fidla wa kwanza, akichungulia kutoka mlango wa ukumbi.

"Sishukuru," anajibu Maestro.

Ndivyo tunavyojibu. Ukishukuru kabla ya kazi, bahati yenyewe inakimbia.

Anaingia ukumbini na kuuacha mlango wazi kidogo, kama kawaida yake. Na kama kawaida, Bwana Witold wa tarumbeta anapiga kelele.

"Mlango, Bwana Maestro! Upepo unapita! Mnataka shingo yangu ikakamae?"

"Vaa skafu, Bwana Witold."

Wanaanza. Baada ya muda mfupi fidla kubwa zinaingia kabla ya wakati wake. Mkono wa kushoto huchora mapigo kwa upande wa pili, na macho yaliyozoea wa kulia yanapotea. Wanarudia, zinaingia mapema tena. Mara ya tatu muziki wote unakatika.

"Maestro," anasema Bi Halszka, "ni kama tunasoma saa kwenye kioo."

Hakuna anayecheka. Gawlas anaweka chini kijiti chake cha kuongozea.

"Basi msiutazame mkono. Kwenye bendi ya reli sikuwahi kumwona kiongozi, tuba lilinikinga. Nilisikiliza anavyovuta pumzi. Hebu vuteni pamoja nami."

Pumzi arobaini na mbili zinasikika hadi kwenye makoti. Kisha muziki unaanza, na safari hii unafika mwisho bila kukatika.

Bi Halszka anageukia wenzake. "Anayemtaka mgeni wa Kraków asimame."

Halafu kiti kimoja kinalia. Bwana Witold amesimama.

"Hata wewe, Witold?" anauliza Bi Halszka.

"Aa, mie nafunga mlango tu, jamani!"

Ukumbi mzima unaangua kicheko, na Maestro anajifuta macho.

"Keti, Bwana Witold. Uache wazi. Binti wa makoti anasikiliza."

Tamasha lilifanyika tarehe 11 Novemba, saa kumi na moja jioni, na wengine walikosa viti. Maestro aliongoza kwa mkono wa kushoto hadi mwisho.

Anataka kuongoza miaka miwili zaidi. Na ana jambo moja analolitamani zaidi ya hapo.

"Juni nataka Bi Halszka aongoze, mimi nikae nyuma kabisa na tuba langu. Nisubiri zamu yangu, nisikilize."

"Ukikosea nitakufukuza," Bi Halszka amekwisha kumwonya.

Jioni ile ya tamasha Maestro alirudisha kibati namba kumi na saba. Alishikiwa koti, mkono wa kulia ukatangulia kuingia, polepole, akaagwa kwa neno moja tu, kwaheri, kama siku zote.

Tamasha limekwisha, na sasa kushukuru kunaruhusiwa. Asante kwa mlango, Maestro.