Hesabu za Albertine

Mama Mukubwa Albertine, dada wa mama yangu, hapimi kwa rula. Anahesabu. Ukimletea fomu ya serikali yenye vistari vya kujaza, anaitazama kidogo, anakaa mbele ya kompyuta na kuanza kubonyeza huku midomo ikicheza: kushuka mara tisa, nafasi ishirini na mbili, jina. Kushuka mara mbili, nafasi kumi na nne, tarehe ya kuzaliwa. Kisha anaingiza fomu kwenye printa, na kila neno linakwenda kukaa juu ya kistari chake.

Hesabu hizo alizianza kwenye taipureta ya parokia, akiwa na miaka kumi na tisa. Taipureta ilipokufa, mtu wa shirika fulani aliyekuwa akihama Kasongo alimwachia kompyuta yenye programu ya kuandikia, ile ya bure inayotengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Albertine alihamisha hesabu zake humo, akarekebisha moja mbili, basi. Ni miaka kumi na sita sasa. Wachapaji wa huku wote wanazitumia. Fomu mpya ikitoka, Pierre wa Nyangwe anapiga simu: "Mama, hii ya ndoa unashuka ngapi?" Naye anamjibu hapohapo, bila kufungua daftari.

Mimi ndiye niliyeharibu. Nilisomea informatiki, mambo ya kompyuta, huko Kindu, nikarudi nyumbani mwezi wa kwanza, na kwa kuwa mimi si msemaji sana, kibanda chake cha kuchapia kilinifaa. Jumamosi moja nilichoka kuona wateja wakirudishwa kwa sababu programu yetu ya zamani haikuweza kufungua faili zao. Nikaweka toleo jipya.

"Hakuna kitu kimebadilika?" aliniuliza.

"Hakuna, Mama Mukubwa. Ni ileile, ila mupya."

Maelezo yaliyokuja na toleo hilo yalikuwa marefu. Nilisoma ukurasa wa kwanza.

Jumatatu saa nne asubuhi akafika Prefe Zuberi, mkuu wa shule moja ya sekondari ya Wamaza, vumbi la barabara hadi kwenye nyusi. Kifuani alikuwa amefunga fomu za wanafunzi wake watakaofanya mtihani wa serikali. Wanafunzi walikuwa thelathini na wawili, fomu thelathini na nne. Ofisi ya ukaguzi ingefunga orodha saa tisa alasiri siku hiyohiyo, na fomu iliyofutwafutwa au kuandikwa kwa mkono haipokelewi. Mtoto asiye na fomu hafanyi mtihani mwaka huu.

Albertine alichapa majina yote, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akaingiza fomu ya kwanza. Jina la mwanafunzi lilitoka chini, mahali pa tarehe ya kuzaliwa. Tarehe nayo ikashukia mahali pa jina la baba.

"Karatasi iliteleza," alisema, akaingiza ya pili. Vilevile.

Prefe alizishika zile mbili, moja kila mkono. "Mama Albertine, vidole vimezeeka?"

"Vidole viko vilevile, Prefe. Uliza huyu msomi wangu."

Sasa fomu zilikuwa thelathini na mbili kwa watoto thelathini na wawili. Hakuna aliyetaka kugusa printa.

Nilikagua. Katika toleo jipya, mpangilio wa mwanzo, yaani ule ambao programu inakuja nao kabla mtu hajaugusa, ulikuwa umebadilishwa. Kila mstari uliongezwa urefu kidogo, na baada ya kila kushuka ukaongezwa uwazi mwingine. Nikamwambia ashuke mara saba badala ya tisa. Tukajaribu kwenye karatasi tupu, tukaiweka juu ya fomu na kuziinua dirishani: jina lilikaa juu mno. Mara nane: chini mno. Hakuna namba iliyoangukia mahali pake.

"Kuna njia ya kufaa," nilisema. "Nakuchorea visanduku, kila kimoja na kipimo chake. Hutahesabu tena maisha yako yote."

"Na Pierre? Nimuambie nini akipiga simu? Njoo Kasongo ukachorewe visanduku?"

"Mama Mukubwa, kuhesabu hivi haikuwa vizuri tangu mwanzo."

Alinigeukia na kiti chake. "Miaka kumi na sita haikuwa vizuri, na hakuna fomu moja ilirudishwa?"

Nikachukua simu yangu, nikatafuta mahali ambapo watengenezaji wanajadiliana. Mtandao ulikuwa ukija na kukatika. Kumbe waliligombania jambo hili miaka kumi na moja. Mmoja aliandika kwamba kurasa zimebanana na zinachosha macho. Mwingine akasema kila mtumiaji mpya hubadilisha mpangilio huo kwanza. Mwingine akauliza: na watu wa zamani je? Nikasoma jibu la mwisho kwa sauti, nikilitafsiri: "Anayepanga ukurasa kwa kubonyeza kitufe cha kushuka anakosea. Watu hao si wengi."

"Walihesabu?" aliuliza Albertine.

"Hapana."

"Basi wamejuaje si wengi? Miye iko hapa. Pierre iko. Kabambare peke yake iko wachapaji wanne!" Alipiga meza, printa ikatikisika. "Miaka kumi na moja wanabishana, na hakuna mutu alipata nafasi ya kuuliza!"

"Mama," alisema Prefe taratibu, "ni saa sita. Wagombeze kisha."

Kurudisha mpangilio wa zamani kulinichukua dakika tano, nyingi kati ya hizo za kutafuta mahali walipouficha. Kisha nikagundua lingine: marekebisho yalishika kurasa mpya tu. Zote thelathini na mbili alizochapa asubuhi zilibaki na uwazi mpya, nami sikuthubutu kuzigusa moja moja, nisije nikasahau mstari. Nilimwambia hivyo nikiwa nimeangalia sakafu.

Albertine alivuta kiti na kuanza upya, kushuka mara tisa, nafasi ishirini na mbili. Prefe akamsomea majina. Kila jina likichapwa nililitoa kwanza kwenye karatasi tupu, nikalipeleka dirishani juu ya fomu, nikarudi, ndipo fomu yenyewe ikaingia. Fomu ya ishirini na tisa ilitoka imepinda pembeni na sote watatu tukainama. Jina lilikuwa juu ya kistari chake. Saa nane na nusu Prefe alizihesabu mara mbili, akazifunga kifuani, akawasha pikipiki bila kuaga vizuri.

Saa tisa kasoro dakika chache alipiga simu. Zimepokelewa zote.

"Sasa waandikie wale," alisema Albertine. "Andika: mimi naitwa Albertine, ninakaa Kasongo, ninahesabu."

Nilifungua ukurasa. Mjadala ulikuwa umefungwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuongeza neno. Nilimwonyesha. Aliyatazama yale maandishi ya kigeni, akanirudishia simu. Kisha akachukua karatasi, akaandika kwa kalamu nene, akaibandika juu ya skrini: MUTU ASIBADILISHE KITU BILA KUULIZA ALBERTINE.

"Hiyo ni ya wateja?" nilimuuliza.

"Wateja hawanibadilishiaka kitu," alisema, akamwita mtu aliyekuwa akingoja mlangoni.